Aspirini Ndiyo Iliyoondoka

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya mshipa wa moyo ili usizibe tena. Kwa damu, chuma hicho ni mgeni. Chembe sahani huking'ang'ania, zikashikana, na donge likikua mshipa huziba. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa mbili, aspirini na nyingine yenye nguvu zaidi, kwa mfano tikagrelo. Dawa hizohizo ndizo zinazomfanya ateme damu akipiga mswaki, au avuje tumboni bila kujua mpaka aone choo cheusi.

Ikibidi moja iachwe, iachwe ipi? Kwa miaka mingi, iliyobaki ilikuwa aspirini. Utafiti wa TWILIGHT, ulioongozwa na Roxana Mehran wa Mount Sinai, New York, na kuchapishwa mwaka 2019, ulifanya kinyume chake.

Hoja ilikuwa hii: kimeng'enya kinachozimwa na aspirini ndicho pia husaidia kulinda ukuta wa tumbo. Tikagrelo huziba njia nyingine ya kuamsha chembe sahani, na ikizibwa barabara, aspirini huongeza kinga kidogo tu.

Wagonjwa 9,006 walitumia dawa zote mbili kwa miezi mitatu. Waliopata shambulio la moyo, waliovuja damu nyingi au walioacha dawa hawakuendelea. Waliobaki 7,119 waligawanywa kwa bahati nasibu: wote waliendelea na tikagrelo miligramu 90 mara mbili kwa siku, nusu wakiongezewa aspirini, nusu kidonge kisicho na dawa, pasipo mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini. Baada ya mwaka, waliovuja damu kiasi cha kuhitaji hatua ya kitabibu walikuwa asilimia 7.1 kwenye aspirini na 4.0 bila aspirini. Vifo, mashambulio ya moyo na kiharusi kwa pamoja vilikuwa asilimia 3.9 pande zote mbili.

Nguvu ya utafiti huu imo katika lile chekecheke la miezi mitatu, na mpaka wake umo humohumo. Aspirini iliondolewa baada ya utando wa ndani wa mshipa kupata muda wa kuanza kuifunika stenti, tena kwa watu waliokwisha kuvuka kipindi cha hatari kubwa. Waliofika hospitalini na shambulio kali, mshipa umeziba kabisa, hawakuandikishwa. Mgonjwa aliyewekewa stenti siku kumi zilizopita asiuchukue utafiti huu kuwa ruhusa ya kuacha kidonge.