Manyani wa Adili na Umri wa Msomaji

Kila usiku liwali wa Janibu huwachapa mijeledi manyani wawili, kisha huwalisha na kuwalilia. Hilo ndilo fumbo la *Adili na Nduguze*, hadithi ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1952. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili wa damu, waliogeuzwa na jini Huria kwa ubaya waliomfanyia ndugu yao. Adili hawachapi kwa kupenda. Jini ameamuru, naye hana budi kutii.

Msomee hadithi hii mtoto wa miaka kumi utaona jinsi anavyotulia. Binadamu kugeuka nyani ni ajabu ya kumtosha, na mbele yake kuna jiji zima ambalo watu wake wamekuwa mawe, akabaki hai msichana mmoja tu, Mwelekevu. Katikati ya maajabu hayo mtoto hapotei, kwa kuwa majina yanamshika mkono: Adili ni mwema, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Adhabu nayo huiona kwa macho, maana aliyeishi kinyama amevikwa ngozi ya mnyama. Watoto hupenda ajabu yenye sheria, na sheria hii wanaifahamu bila kuhubiriwa.

Mtu mzima akilifikia tukio hilohilo, manyani hawamshangazi sana. Yeye anatazama mkono ulioshika mjeledi. Anamwona mwadilifu, ambaye mchana huwaamulia watu kwa haki, usiku akiwatesa ndugu anaowapenda. Anajiuliza adhabu ya haki ikome wapi, na nani mwenye mamlaka ya kuikomesha. Mwandishi hakumwandikia msomaji huyu sura ya pekee. Maneno ni yaleyale, nyani ni walewale, ila kila umri unachota kwa kina chake.

Mifupa ya kisa hiki imetoka katika *Alfu Lela Ulela*, ambako ndugu wawili wanageuzwa mbwa. Shaaban Robert alichagua nyani, na kwangu uteuzi huo ni wa fundi hasa. Nyani ana vidole, ana uso unaokaribia wetu. Anayemchapa hawezi kusahau kwa urahisi kwamba anamchapa mtu.

Mwaka mmoja kabla, katika *Kusadikika*, alitumia ufundi huohuo kwa njia nyingine. Kuna nchi inayoelea angani, na Karama ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia kuadhibiwa. Kijana anafuata safari. Mkubwa aliyeishi Tanganyika ya mkoloni alisoma habari za baraza linaloogopa maarifa, na alijua anasoma nini.

Wapo waandishi wanaotenga vitabu kwa umri. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitoa *Who Fears Death* mwaka 2010 kwa watu wazima na *Akata Witch* mwaka 2011 kwa vijana. Katika kitabu cha vijana, Sunny mwenye miaka kumi na miwili akijifunza jambo la uganga, fedha za ajabu ziitwazo chittim huanguka papo hapo kutoka angani. Katika kile cha wakubwa, Onyesonwu amezaliwa kwa mama aliyebakwa vitani, na uwezo wake hauji bila kumgharimu. Vitabu vyote viwili vina uganga na hatari. Tofauti ni muda: kijana hupewa malipo mapema ili apate moyo wa kuendelea, mkubwa huachwa angoje, na pengine asilipwe.

Euphrase Kezilahabi alikwenda mbali zaidi. Katika *Nagona* ya mwaka 1990 na *Mzingile* iliyofuata, msomaji hapewi jina la kumwongoza wala sheria ya kushika. Lazima atafute njia yeye mwenyewe, na hiyo ni heshima kubwa anayopewa msomaji aliyekomaa.

Anayewaandikia watoto hahitaji kuipunguza kweli. Kazi yake ni kuifanya ionekane upesi na kuiwekea sheria zinazoshikika. Anayewaandikia wakubwa hahitaji kuyaacha majini na manyani. Awape tu swali ambalo jini hawezi kulijibu. Na anayeweza kufanya yote mawili katika ukurasa mmoja, kama Shaaban Robert, amefika kilele cha kazi hii.

Waandishi wetu, someni tena *Adili na Nduguze* kwa macho ya fundi, mstari kwa mstari. Nanyi wazazi, wasomeeni wanenu kwa sauti, kisha msubiri maswali yao. Baadhi yatawashinda kujibu, nanyi mtajua kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili yenu pia.