Kupima Ubora wa Ripoti ya Programu Iliyoanguka

Programu ya kompyuta inapoanguka, yaani inapokatisha kazi yake kwa sababu imekutana na hali ambayo watunzi wake hawakuiandalia njia, hubakiwa na muda mfupi mno wa kuandika yaliyoisibu, na ubora wa maandishi hayo ndio unaoamua kama kosa litarekebishwa siku hiyohiyo au litarudi kwa miezi mingi bila kufahamika. Rwanda ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. OpenMRS, mfumo huria wa kutunza taarifa za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret nchini Kenya na Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, katika mwaka uleule wa 2006, kisha Wizara ya Afya mjini Kigali ikaueneza katika vituo vingi vya afya nchini. Katika mpangilio wa namna hiyo, anayeiona hitilafu ni muuguzi au karani aliyeko kituoni, ilhali anayeweza kuirekebisha yuko Kigali, au pengine ng'ambo ya bahari, na kinachowaunganisha ni ripoti peke yake. Kipimo cha kwanza, ambacho vingine vyote hutokana nacho, ni hiki: je, mtu ambaye hakuwapo anaweza kuisoma ripoti na kujua kilichotokea bila kulazimika kumpigia simu aliyekuwapo?

Moyo wa ripoti ni mfuatano wa miito, yaani orodha inayoonyesha ni sehemu gani ya programu iliyoiita sehemu gani, hadi kufikia mstari uliokwama. OpenMRS imeandikwa kwa lugha ya Java, ambayo huchapa mwito wa mwisho juu kabisa, tofauti na Python inayouweka chini, na msomaji mgeni hukimbilia mstari wa juu na kutosheka. Mjuzi hushuka hadi kwenye chanzo cha ndani kabisa, kwa kuwa tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002 hitilafu moja ya Java inaweza kuibeba nyingine iliyoisababisha, na hiyo kuibeba nyingine tena. Hapa ndipo kazi njema inapojitenga na kazi mbovu. Mtunzi mvivu huidaka hitilafu ya hifadhidata, huitupa, kisha huzusha hitilafu yake mwenyewe yenye maneno "imeshindikana kuhifadhi", na kwa kufanya hivyo huwa ameufuta ushahidi kwa mkono wake. Mtunzi makini huongeza maelezo yake lakini huiacha ile ya asili ikiwa imeambatishwa. Aliye mbaya kuliko wote ni yule anayeidaka hitilafu na kunyamaza, kwani programu yake haianguki, ila huendelea kufanya kazi juu ya data iliyoharibika.

Lipo pia jambo linalowatatiza hata wazoefu. Mtambo unaoendesha programu za Java, baadhi ya hitilafu za kawaida zinapojirudia mara nyingi mahali pamoja, huacha kuandika mfuatano wa miito ili kuokoa muda, na daftari la matukio, yaani faili ambamo programu huandika mambo yake, hujaa jina la hitilafu lisilo na maelezo yoyote. Dawa ni kurudi nyuma hadi tukio la kwanza, jambo linalowezekana tu ikiwa daftari halijafuta kurasa zake za zamani kwa pupa.

Mfuatano wa miito huonyesha mahali, lakini hauonyeshi hali. Ripoti bora hutaja faili lililokosekana kwa jina na njia yake kamili, toleo la programu na la kila moduli iliyopachikwa, pamoja na kiasi cha kumbukumbu ya kompyuta kilichobaki. Hutaja pia wakati, na wakati si jambo dogo katika ukanda huu: Kigali iko saa 2 mbele ya wakati wa kimataifa, UTC, huku Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zikiwa saa 3 mbele, kwa hiyo tukio ambalo karani wa Kigali, akisema Kiswahili, ataliita la saa nne asubuhi litaandikwa 10:00 na kompyuta yake na 11:00 na seva iliyoko Nairobi. Ripoti inayostahili sifa huandika 08:00 na kutamka wazi kwamba ni UTC.

Suala la mahali pa kuiweka ripoti lina mfano mmoja mashuhuri. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika sekunde zipatazo 40 baada ya safari yake ya kwanza kuanza huko Kourou, Guyana ya Kifaransa, kwa sababu programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilijaribu kuiingiza namba ya biti 64 katika nafasi ya biti 16, isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767. Kifaa kilijizima na kupeleka taarifa za hitilafu kwenye kompyuta kuu, nayo ikazisoma kana kwamba ni vipimo vya safari na kuigeuza roketi ghafla. Hata hivyo kifaa hichohicho kilikuwa kimeandika hali ya hitilafu katika kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika, na wachunguzi waliiokota na kuisoma. Ripoti moja ilifika pasipostahili na kuleta maangamizi, nyingine ilitulia mahali pake na kueleza kila kitu. Katika kituo cha afya chenye umeme na intaneti za kusuasua, programu inapaswa kuandika kwanza diskini palepale, kisha kutuma Kigali mtandao utakaporudi.

Ukamilifu, hata hivyo, una mpaka wake. Nakala ya kumbukumbu yote ya kompyuta iliyochukuliwa wakati wa anguko ni hazina kwa mchunguzi, lakini hubeba pia majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao, na Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 ya Rwanda kuhusu ulinzi wa data binafsi inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Ripoti ya kistaarabu hutumia namba ya rekodi badala ya jina la mgonjwa, na kwenye skrini ya muuguzi huonyesha maelezo mafupi na namba ya kumbukumbu ya tukio, si mfuatano wa miito, ambao humwogopesha yeye na kumfunulia mvamizi muundo wa ndani. Tena maneno yaliyoandikwa na mtumiaji yasiaminiwe hata yakiwa yanaelekea daftarini tu: udhaifu wa Log4j, chombo ambacho programu nyingi za Java hukitumia kuandika matukio, uliofichuliwa Desemba 2021 ulithibitisha kwamba chombo cha kuandikia matukio chenyewe kinaweza kugeuka mlango wa wezi.

Anayetaka kuhukumu asisubiri ajali, bali aizushe kwa makusudi kwenye kompyuta ya majaribio, kwa kukata mtandao au kuizima hifadhidata katikati ya kazi, kisha ampe ripoti mtu ambaye hajawahi kuugusa msimbo huo. Jaribio gumu kuliko yote ni la kuijaza diski, kwa sababu wakati huo ripoti yenyewe hukosa pa kuandikwa, na mara nyingi kilichoijaza ni daftari la matukio lilelile. Watunzi wachache waliolifikiria hilo hutenga mapema faili lenye ukubwa maalumu, lisiloguswa na kitu kingine chochote, ili anguko la namna hiyo nalo lipate nafasi yake.