Mwenye Jezi Havuti

Niseme mapema ili mwenye haraka aende zake: Vuelta ya 2011, mbio za baiskeli za Hispania, Juan José Cobo hakuishinda, aligaiwa. Aligaiwa na timu ya Sky, Jumatano ya tarehe 31 Agosti, kwenye mlima wa Manzaneda, pale mwenye jezi nyekundu ya kinara alipopelekwa mbele amvutie mwenzake. Yaliyotokea Angliru siku nne baadaye yalikuwa kulipa deni tu.

Najua mtaniambia hayo ni ya kale. Lakini tangu mashindano ya dunia yafanyike Kigali mwaka 2025, kila nikikaa na waendesha baiskeli wa hapa Kampala maneno yanaishia kwa Chris Froome: aliumia vibaya, akarudi vibaya, kwa hiyo mtu akishaumia astaafu. Wanaukumbuka ukuta wa Roanne aliougonga mwaka 2019, wanasahau kwamba mtu huyuhuyu aliwahi kurudi kutoka kwenye ugonjwa akawa bora kuliko alivyokuwa kabla. Safari ile mgonjwa hakukosea. Waliokosea ni wakubwa wake.

Sky walikwenda Hispania na watu wawili waliotoka kuuguza. Bradley Wiggins alivunjika mfupa wa bega tarehe 8 Julai, kwenye hatua ya Tour iliyoishia Châteauroux, na tarehe 20 Agosti alikuwa kwenye mstari wa kuanzia Vuelta. Kumrudisha kwa wiki sita katika hali ile ilikuwa kazi safi, nawapa haki yao. Wa pili alikuwa Froome, mzaliwa wa Nairobi, mwanafunzi wa David Kinjah kule Kikuyu, ambaye mwishoni mwa 2010 aligundulika ana kichocho. Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni na kwenye timu hakuna aliyemhesabu.

Hapa mnivumilie, maana nina ugomvi wa siku nyingi. Watangazaji wa Ulaya walipomwona Froome anapanda milima mwaka ule waliuliza ametoka wapi, wakaguna, na wengine hawajaacha kuguna mpaka leo. Walipoambiwa kichocho wakaona ni kisingizio. Mtu wa huku kwetu hahitaji mkalimani. Minyoo ile hukaa kwenye mishipa ya damu na kula chembe nyekundu, mayai yake yanajeruhi utumbo na ini, mwili unapigana vita usiku na mchana. Mwendesha baiskeli anaishi kwa chembe nyekundu, ndizo zinazobeba hewa hadi miguuni. Mwenye kichocho anaweza kupanda vizuri leo na kesho, keshokutwa akaachwa na kundi la mwisho, na kocha akaandika kwenye daftari lake: mvivu, hana msimamo. Rekodi ya Froome ya kabla ya 2011 inasomeka hivyo hasa. Ukimtibu mtu kama huyo humwongezei kitu, unamwondolea mzigo aliokuwa ameubeba muda wote.

Kwa hiyo swali la kiufundi la Vuelta ile lilikuwa moja: kati ya wawili hawa, nani amerudi kweli? Mfupa una picha ya eksirei, ukiunga unaunga, ila wiki za mazoezi zilizopotea hazionekani kwenye picha. Damu haina picha ya kumwonyesha bosi. Kipimo pekee kinachowafaa wote wawili ni mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, na ratiba iliwapa Sky kipimo hicho bure: hatua ya 10, kilomita 47 za Salamanca. Tony Martin alishinda, hilo tulilitarajia. Froome akawa wa pili. Wiggins, bingwa wa saa, alianza kwa kasi kubwa kisha akanywea, akamaliza wa tatu, sekunde 23 nyuma ya mtumishi wake. Aliyechoka sehemu ya pili ya mbio ndefu ni mtu ambaye msingi wake haujarudi. Jioni ile jezi nyekundu ilikuwa mgongoni kwa Froome, Jakob Fuglsang yuko sekunde 12 nyuma, Wiggins sekunde 20. Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko. Walikuwa na saa 24 nzima za kusoma karatasi.

Wakasoma majina.

Manzaneda si mlima wa kutisha. Ni mrefu, barabara yake nzuri, unapandwa kwa mwendo, na mwendo ndio unaomtafuna anayetangulia na kumpumzisha anayefuata. Ni mlima ambao kiongozi hukaa gurudumuni kwa mwenzake mpaka mwisho, hata mtoto wa klabu anajua. Tulichokiona ni kinyume. Wapinzani walipoanza kurushiana mashambulizi, mwenye jezi akapita mbele akavuta, Wiggins nyuma yake ametulia. Akavuta mpaka miguu ikaisha, akaachwa. Alipoteza sekunde 27 kwa Wiggins, jezi ikabadilisha mgongo, na Froome akabaki wa pili kwa sekunde 7. Kumbuka kwamba hakuna adui aliyeichukua ile jezi. Timu iliitoa mfuko wa kulia ikaitia mfuko wa kushoto, na kwenye kuhamisha ikachoma nguvu za mtu pekee aliyethibitisha kwa saa kwamba ana miguu ya kushinda.

Wanaowatetea Sky husema Froome hakuwahi kuongoza mbio za wiki tatu. Wiggins je? Alikuwa na nafasi ya nne ya Tour ya 2009 na hakuna mbio za wiki tatu alizokuwa ameshinda. Walilinganisha mtu ambaye hajathibitika na mtu ambaye hajathibitika, wakamchagua mwenye mshahara.

Angliru sasa, hatua ya 15. Kilomita kumi na mbili na nusu, na pale Cueña les Cabres barabara inasimama kwa asilimia 23 na ushee. Mliotazama mnakumbuka Cobo alivyochomoka, na Froome alivyoendelea kubaki mbele ya Wiggins. Mbele, akifanya nini? Mwinuko kama ule mwendo ni mdogo mno kiasi kwamba hakuna upepo wa kukingwa, kila mtu anabeba kilo zake mwenyewe. Mtumishi kwenye asilimia 23 ni pambo. Angeachiwa aondoke na Cobo, Wiggins asingepoteza hata sekunde moja zaidi ya alizopoteza. Alipoachiwa ilikuwa jioni: alifika sekunde 48 nyuma ya Cobo, pamoja na Wout Poels na Denis Menchov, na Wiggins akaja 33 nyuma yao. Siku tatu baadaye, Peña Cabarga, Froome alimshinda Cobo ana kwa ana, ila haikutosha. Madrid tofauti ilikuwa sekunde 13. Toa bonasi za muda, Froome ndiye mshindi. Toa Manzaneda, hatuhitaji hata kuzitoa bonasi.

Kuna watakaonikumbusha Tour ya 1985, Bernard Hinault na Greg LeMond wa timu moja. Vizuri, tulinganishe. Hinault alivunjika pua kwa kuanguka Saint-Étienne, na LeMond akazuiwa kwenye njia ya Luz Ardiden asiondoke na Stephen Roche. LeMond alilia, na haki yake. Lakini Hinault alikuwa tayari amevaa jezi ya njano, ameipata kwa miguu yake, na timu ilimlinda mwenye jezi. Sky walimgeuza mwenye jezi kuwa punda wa asiye nayo. Tena Hinault yule, goti lilipomsumbua mwaka 1983, hakwenda Tour. Alikaa nyumbani, Laurent Fignon akashinda, naye akarudi alipopona. Wakati ule watu walijua kuugua.

LeMond mwenyewe ndiye ninayempa taji la kurudi. Alipigwa risasi za marisau kwa bahati mbaya akiwinda, Aprili 1987, vipande vikabaki mwilini. Akapoteza misimu miwili, timu zikamchoka, na mwaka 1989 akamwondolea Fignon Tour kwa sekunde 8, kwenye kilomita 24 na nusu za Versailles hadi Paris. Siku ile hakuwa na redio sikioni ya kumwambia amsubiri mtu. Mimi redio zile sijawahi kuzipenda na sitaanza leo. Ndizo zilizotupa Peyragudes kwenye Tour ya 2012, Froome akigeuza shingo kila mita chache na kumwita Wiggins kwa mkono, wakati mshindi wa hatua yuko mbele yao anaondoka.

Haki ya 2011 ilikuja kwa njia ya ajabu. Tarehe 12 Juni 2019 Froome aligonga ukuta akikagua njia ya mbio za saa za Dauphiné, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Kesho yake chama cha dunia, UCI, kikatangaza kwamba Cobo ana hatia kwa pasipoti yake ya damu, na mwezi uliofuata ushindi ukahamia kwa Froome. Akaupokea akiwa majeruhi. Wanaodai kwamba Cobo kuvuliwa kunawasafisha Sky wanachanganya mambo mawili. Dawa za Cobo ni kosa la Cobo. Manzaneda ni yao.

Nimalizie na sisi wa hapa. Tangu 2003 Uganda ina mpango wa taifa wa kugawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na wanaofikiriwa kwanza ni watoto wa shule na watu wa mialoni. Kijana wa Kololo mwenye baiskeli ya kaboni hajioni yumo, ingawa Jumamosi yuko majini Ggaba. Jumapili anaachwa kwenye barabara ya Entebbe, Jumatatu yuko dukani anabadilisha gia. Ndugu yangu, acha gia. Peleka choo maabara wakapime kichocho, meza dawa kwa uzito wako, kisha rudi upimwe tena wiki kadhaa baadaye, kwa sababu prazikwanteli huua minyoo wakubwa na kuwaacha wachanga.