Kuhakiki msuko: "Twende kilioni"

"Twende kilioni" ni msuko wa mistari michache, minene, inayorudi nyuma. Hautaki rasta wala nusu siku ya kukaa chini. Jina lake, kwa maoni yangu, ni maandishi mafupi kuliko yote tuliyonayo kuhusu nywele, na linastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi.

Tuanze na fani. "Twende" ni kitenzi cha nafsi ya kwanza wingi. Jina halisifu urembo, linataja safari: kuna msiba, watu wanakusanyika, na kichwa hakiwezi kwenda timutimu. Maneno mawili yanabeba haraka, sababu na wahusika wasiopungua wawili, msukaji na msukwaji.

Linganisha na video za mtandaoni za mitindo rahisi ya nywele ndefu kwa wanaoanza. Nyingi zina mtu mmoja mbele ya kamera akisema na "wewe". Nywele zake zinaning'inia na brashi inapita bila ubishi. "Ndefu" hapo ni zile zinazofika mgongoni. Nywele za kipilipili hujikunja. Zinaweza kuonekana nusu ya urefu wake, au chini ya hapo, mpaka uzivute. Mwanafunzi wa chuo hapa Malimbe anaweza kuwa na nywele ndefu ambazo video hiyo haizitambui.

Na mwanafunzi huyo kweli anaanza. Shule nyingi za serikali huwataka wasichana wakate nywele ziwe fupi. Tunasema "usuke au unyoe", lakini yeye alichaguliwa kunyoa tangu darasa la kwanza. Anaingia chuo akijua kuchambua riwaya, ila vidole vyake havijui kushika mafungu matatu ya nywele. Ujuzi ambao angeupata barazani, kichwa kikiwa kati ya magoti ya dada, sasa anautafuta kwa bando.

Tuwe wakweli: video inasimama ukiigusa na inarudia bila kuchoka. Shangazi wachache wana subira hiyo. Lakini video haina kichwa kinachouma. Haiwezi kukwambia umevuta mno, na kuvuta mno kila mara hung'oa nywele za pembeni. Anayekwambia ni msukwaji: "Taratibu, unaniumiza." Sauti hiyo ni sehemu ya somo, na video imeifuta.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kama maandishi ya kufundishia, jina la zamani limezishinda video, kwa sababu limeweka mtu wa pili ndani ya sentensi. Anayeanza asianze na kioo. Amwombe mwenzake wa hosteli kichwa, apake mafuta, agawe mistari sita kwa chanuo, aanze na mafungu matatu membamba, kila mzunguko aongeze nywele kidogo kutoka chini. Kisha wabadilishane.