Fundi wa Fremu

Tangu 2019, msafara wa Twende Butiama huwatoa waendesha baiskeli Dar es Salaam hadi kijijini kwa Mwalimu Nyerere, zaidi ya kilomita 1,000. Safari ndefu hivyo ndiyo hufichua tabia ya fremu. Ya chuma ikipasuka karibu na pedeli, tiba yake haiko mbali: kutoka Mchafukoge hadi Gerezani, na katika miji mingi ya njiani, wachomeleaji wapo.

Fundi hodari haanzi na moto. Hukwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, akautafuta ufa unapoishia, kisha akatoboa kitundu hapo ili usiendelee kutambaa. Bomba ni jembamba. Umeme ukizidi, linatoboka. Kwa hiyo wenye gesi huunga kwa shaba ya njano, inayoyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, wakati chuma kinataka zaidi ya 1,400. Chuma kinapoanza kuiva, wekundu wake humwambia fundi lini asogeze moto na lini autoe.

Halafu huja uzi. Hufungwa kwenye uma wa nyuma upande mmoja, ukapitishwa mbele ya shingo ya usukani, ukarudishwa upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti ikilingana kulia na kushoto, fremu imenyooka. Isipolingana, chuma hukubali kunyooshwa.

Alumini ni habari nyingine.

Baadhi ya baiskeli za mtumba zinazouzwa Kariakoo ni za metali hiyo nyepesi. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kuwa nyekundu kwanza, huku utando wa oksidi ulioifunika ukihitaji zaidi ya 2,000. Jicho lililolelewa na chuma hukosa dalili. Kiungo kizuri hudai gesi ya argoni, na hata hapo, aloi ya 6061 hupoteza karibu nusu ya nguvu zake pembeni mwa kiungo, mpaka fremu nzima ipashwe upya tanurini.

Fundi anayelijua hilo anastahili heshima anaposema, "Kaka, hii sikuchomelei, itakuangusha mteremkoni." Humtafutia mteja fremu kuukuu ya chuma ya Phoenix na kuhamishia vifaa vinavyokubali. Gurudumu la nyuma likigoma kuingia, huutanua uma wa chuma milimita chache kwa mikono, akapima tena kwa uzi. Uma wa alumini ukitanuliwa hivyo, huweza kupasuka penye kiungo.