Uso Unaokutazama

Katika mabanda ya gemu ya Ngarenaro, Arusha, muda ndio bidhaa. Mtoto analipia dakika au mechi, na anayengoja zamu hambandui macho mwenye pedi. Hata hivyo gemu ikisimama na kipande cha filamu kikaanza, kidole kikakimbilia kitufe cha kuruka, benchi hupiga kelele: "Acha muvi!" Hela ya mmoja inaliwa, lakini wote wanataka kujua steringi amefanywa nini.

Nawasifu mafundi wa vipande hivyo, na kwanza kabisa wale waliothubutu kuweka humo watu halisi mbele ya kamera.

Command & Conquer ilitoka 1995, kazi ya studio ya Westwood ya Las Vegas. Kabla ya kila vita mkuu wako anatokea kwenye skrini na kukupa amri. Joseph Kucan, aliyetokea kwenye tamthilia za jukwaani, ndiye aliyeongoza upigaji wa vipande vile, na ndiye aliyeigiza Kane, kiongozi mwenye kipara wa kundi la Nod. Mwigizaji wa filamu hufunzwa kutoitazama kamera. Kane anaikazia macho, kwa kuwa mchezaji yuko upande wa pili wa lenzi. Anakusemesha kama mzee anayetaka kuhakikisha umemsikia. Ujasiri huo naupenda mno. Hadithi haisimuliwi mbele yako tu. Unaitwa ndani yake, na unatoka na kazi mkononi.

Picha yenyewe ilikuwa duni: fremu 15 kwa sekunde, mistari myeusi imekatiza uso, yote yakibanwa yaenee kwenye CD. Na sehemu kubwa ya majengo ilichorwa kwa kompyuta. Mwigizaji alisimama mbele ya ukuta wa rangi moja, akaelekeza macho kwenye kitu kisichokuwapo. Baadaye ukuta ukafutwa, chumba cha kuchorwa kikaingizwa. Taa ya studio ikipiga shavu la kushoto ilhali dirisha lililochorwa liko kulia, mtazamaji anashtuka hata kama hajui kilichomshtua. Kulinganisha nuru hizo mbili ni kazi ya jicho na subira, na mara nyingi jina la aliyeifanya hulisikii.

Gharama ndiyo iliyowachosha mafundi hao. Wing Commander III ya 1994, ambamo Mark Hamill aliigiza, ilijaza CD nne. Njia ya hadithi ikigawanyika, kila tawi linahitaji kupigwa picha. Mwandishi akibadili wazo baada ya seti kubomolewa, hakuna wa kurudi. Mtu aliyechorwa kwa kompyuta anaitwa tena saa yoyote, na nguo hazijamchakaa.

Hapo kompyuta ina haki yake, nami siwezi kuinyima. Katika GTA San Andreas ya 2004, shati ambalo mchezaji amemnunulia CJ, mhusika mkuu, ndilo analovaa hata hadithi inaposimuliwa. Filamu haiwezi hilo. Vidole vya CJ vimegandamana na uso wake ni bapa, lakini anapofika makaburini baada ya kifo cha mama yake, kisha Sweet, kaka yake, akamlaumu kwa kuwatoroka miaka mitano, benchi la Ngarenaro halihitaji mkalimani. Nani hapa hajasikia lawama za namna hiyo msibani? Kinachobeba tukio ni sauti za waigizaji na miendo iliyochukuliwa kwenye miili ya watu. Chini ya kompyuta pale kuna mtu.

Hata hivyo, kwa maneno yenyewe mkalimani huwapo. Kijana mmoja anayejua Kiingereza kidogo hugeuza maneno kwa sauti ya juu na kuongeza chumvi yake, katika mila ya Lufufu, aliyetafsiri sinema za kigeni kwa watazamaji wa vibanda umiza. Akikosea neno, uso wa mwigizaji unamsahihisha. Kwa hiyo Need for Speed: Most Wanted ya 2005, iliyopiga picha waigizaji halisi na kuwapaka rangi za mji wake wa kompyuta, ilieleweka upesi: dharau ya hasimu wako Razor anapochukua gari lako imo kwenye midomo yake.

Sisi wa chini ya Mlima Meru tuna kipimo chetu cha picha halisi. Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962, ilipigwa picha huku Momella, na John Wayne na wenzake waliwakimbiza wanyama wenyewe. Simba wa The Lion King ya 2019 wote wametoka kwenye kompyuta. Jon Favreau, mwongozaji, alibakiza picha moja tu iliyopigwa kweli, ya jua likichomoza. Manyoya ya simba wale ni ya ajabu. Lakini vumbi la Momella linaniingia kooni.

Nairobi X ya Andrew Kaggia, ya 2015, ilionyesha kuwa gemu ya vita inaweza kutengenezwa huku kwetu Afrika Mashariki na kuchezewa katika mji wa huku. Waigizaji wa kuikazia macho kamera tunao. Ngarenaro ndiyo iliyowapa kundi la rap la Nako 2 Nako jina, na rapa yeyote wa mtaa huu amejifunza kuongea na lenzi kabla hajajifunza kitu kingine. Apewe kitambaa cha kijani kutoka soko la Kilombero, taa mbili zilizopangwa vizuri, na mtu wa kumchorea chumba cha vita nyuma yake. Kisha amtazame dogo mwenye pedi na kumwambia kwa Kiswahili kwamba daraja limevunjwa, askari wamebaki ng'ambo, na ni yeye wa kwenda kuwatoa.