Chembe zinazofifia zikigusa dhahabu

Katika mashamba ya viungo ya Kidichi, mgeni huchimbuliwa mzizi wa manjano, ukakatwa, akaunusa. Unga wake ukiulowesha ndani ya spiriti na kuumulika kwa tochi ya kukagulia noti, spiriti hung'aa kijani. Ni kurkumini hiyo, rangi iliyomo ndani ya mzizi huo: hupokea mwanga wa urujuanimno tusiouona, ikautoa ukiwa wa kuonekana. Kwa kanuni hiyohiyo wanakemia wanasaka dhahabu ndani ya maji taka.

Wao hutumia nukta za kaboni, chembe zisizozidi nanomita 10, zilizogunduliwa kwa bahati Marekani mwaka 2004 wakati watafiti wakichambua masizi. Malighafi yake ni majani, maganda, hata manjano yenyewe, yanayopikwa kwa maji ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa kabisa, nyuzi 200 hivi, kwa saa kadhaa. Juu ya kila nukta hubaki vikundi vya oksijeni na naitrojeni. Ayoni ya dhahabu ikifika hapo hunaswa, ikachukua elektroni na kugeuka dhahabu kamili. Nukta nayo hufifia. Mng'ao ukipungua zaidi, dhahabu ni nyingi zaidi, na kiasi chake hujulikana kwa kulinganisha na sampuli zilizokwisha kupimwa. Ili kuikusanya dhahabu yenyewe, nukta zikiachwa huru hupenya chujio, kwa hiyo hufungwa ndani ya jeli. Jeli hiyo ikishashiba huchomwa, dhahabu ikabaki.

Lakini tusishangilie mapema. Majaribio mengi hufanywa kwa dhahabu iliyo katika kloridi, kama inavyotoka kwenye mchanganyiko wa tindikali ya naitriki na ya haidrokloriki. Kwenye machimbo ya Geita mambo ni mengine. Marudio ya huko, yaani mchanga uliobaki baada ya uchenjuaji wa kwanza, huchenjuliwa kwa sayanaidi, na dhahabu iliyoshikwa na sayanaidi haipokei elektroni kirahisi. Nukta itaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu. Kinachoinasa vizuri ni makaa maalumu, aghalabu ya vifuu vya nazi. Isitoshe, chuma nacho hufifisha nukta. Maji yenye kutu tupu yanaweza kusomeka kuwa yana mali.

Kwa sonara anayesafisha kwa tindikali, awe Mji Mkongwe au Kariakoo, njia hii naiona ina faida ya kweli. Kwa mwenye marudio, bado. Atakayekuletea kipimo cha aina hii, mwulize kwanza: kilijaribiwa kwenye kloridi au sayanaidi, na maji yale yalikuwa na chuma kiasi gani?